Baiokemia: anza na chaji, majina yatakuja

Ukiingia mwaka wa kwanza wa baiokemia, kitu cha kwanza kukutisha ni majina. Asidi amino 20, yaani vijenzi vya protini, kila moja na kifupisho cha herufi tatu na kingine cha herufi moja. Kukariri kupo, sikufichi. Ila ukizikariri kwa alfabeti unajichosha bure. Zipange kwa tabia: zinazokimbia maji, zinazopenda maji bila kuwa na chaji, zenye chaji hasi na zenye chaji chanya kwenye pH ya 7. Histidini iweke pembeni kidogo. pKa ya mnyororo wake wa kando, yaani pH ambayo nusu yake ina protoni na nusu haina, ni kama 6, jirani na pH ya seli, kwa hiyo hupokea protoni na kuiachia bila taabu. Ndiyo maana unaikuta mara nyingi kwenye kitovu cha vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia.

Chukua selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni, nafasi ya 6, asidi amino glutamati imeondoka na valini imekaa mahali pake. Aliyekariri ataandika hivyo na kuishia hapo. Wewe uliza chaji: glutamati ni hasi, inakaa vizuri juu ya protini ikigusana na maji, valini haina chaji na inayakimbia maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini ile hupata kijishimo cha kujificha kwenye molekuli ya jirani, jirani naye hushika mwingine, na nyuzi ndefu zinazotokea huipinda chembe nyekundu. Ugonjwa mzima umeelezeka kwa chaji moja iliyopotea.

Glikolisisi, njia ya seli ya kuvunja glukosi ipate nishati, nayo isomwe hivyo hivyo. Ina hatua 10, na mtihani utazitaka, lakini jiulize kwanza kwa nini seli inatumia ATP, sarafu yake ya nishati, mwanzoni kabisa kuitia glukosi fosfati. Fosfati ina chaji hasi. Glukosi ikishaibeba haipiti tena kwenye utando kirahisi, imenaswa ndani. Baada ya hapo fuata elektroni: nani anazitoa, nani anazipokea. NAD⁺, kibeba elektroni cha seli, ikizipokea inakuwa NADH, na lazima irudi kuwa NAD⁺, la sivyo njia inakwama. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, kwa hiyo zinazitua elektroni hizo kwa piruvati, zao la mwisho la glikolisisi, na hapo ndipo laktati inapotokea. Ukilishika hili hutahangaika kukumbuka laktati inatoka wapi.

Hesabu? Mlinganyo wa Henderson–Hasselbalch, unaounganisha pH na pKa, utakutosha kwa muda mrefu. pH ikilingana na pKa, nusu ya molekuli zina protoni, nusu hazina. Ukipanda kizio kimoja cha pH, uwiano wa zisizo na protoni kwa zenye protoni unakuwa 10 kwa 1. Fanya maswali yake kwa mkono mpaka yakuchoshe, kisha fanya mengine.

Maabara ni habari nyingine, na hapo bafa, myeyusho unaozuia pH isibadilike ovyo, huwaumbua wengi. Bafa iitwayo Tris inapendwa kila mahali, lakini pH yake huyumba na joto, karibu 0.03 kwa kila digrii ya Selsiasi. Ukiipima 7.5 kwenye nyuzi 25 halafu ukaipeleka chumba baridi cha nyuzi 4, itakuwa imepanda mpaka karibu 8.1. Kimeng'enya chako kikigoma, usianze kukilaumu. Rekebisha pH kwenye joto lile lile utakalofanyia kazi, na kwenye chupa andika joto hilo pamoja na tarehe.