Wageni Wadogo Wanapoharibu Vitu vya Mwanao

"Muachie mwenzio, yeye ni mgeni." Kauli hii hututoka wazazi mara tu mtoto wetu anapoanza kulalamika kwamba milango ya kigari chake inang'olewa. Tunaisema kwa nia njema, tusije tukaonekana wachoyo. Lakini mtazame usoni mtoto anayeambiwa hivyo. Aliyemtegemea amtetee amesimama upande wa anayeharibu, na hana pengine pa kukimbilia. Nyumba yangu haikauki wageni wenye watoto, nami napenda iwe hivyo. Ila nina msimamo mmoja: kitu cha mtoto ni mali yake, na mwenye kazi ya kukilinda wageni wakija ni mimi mzazi.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla hodi haijapigwa. Nikijua kuna watoto wanakuja, nakaa na wanangu na kuwauliza: kipi hutaki kiguswe leo? Binti yangu hana haja ya kufikiri. Ana sungura wa kitambaa ambaye sikio lake la kushoto limebaki nyuzi kwa kushikwashikwa, na bila yeye usingizi haupatikani. Sungura huingia kabatini chumbani kwangu, na hapo hakuna mjadala. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alivieleza vitu vya namna hii katika andiko lake la mwaka 1953: ni vitu vinavyomtuliza mtoto anapojifunza kuwa mbali na mama yake. Kumtaka mtoto amgawie mgeni kitu kama hicho ni kumtaka mengi mno. Kaka yake huficha picha ya vipande aliyoifikisha nusu, maana kipande kimoja kikipotea imekwisha.

Havifichwi vyote. Vichache tu, na mtoto anajua kabisa kwamba vilivyobaki nje ni vya kuchezea wote. Nimeona jambo hili likifanya kazi kuliko hotuba yoyote ya ukarimu. Mtoto akihakikishiwa kwamba anachokithamini kiko salama, vingine huvitoa bila kinyongo, na mara nyingi yeye ndiye huwakaribisha wenzake: "Njooni muone!"

Vinavyobaki nje viwe vinavyostahimili: mipira, vibao vya kujengea, magari ya plastiki nene, maboksi makubwa matupu. Boksi likichanika hakuna anayelia. Vyenye magurudumu membamba, vya kutia ufunguo na vya betri viwekwe juu.

Kuhusu vya betri naomba usipite haraka. Mtoto mmoja aliyetutembelea alikuwa akigongesha simu ya kuchezea sakafuni, akiburudika na mlio wake, hadi kifuniko kikafyatuka na betri ikabingirika chini ya kiti. Ilikuwa moja ya zile bapa, ndogo kama kifungo cha shati. Mdogo wake alikuwa anatambaa hatua chache tu kutoka hapo. Tuliiwahi. Betri za aina hiyo zikimezwa na kukwama kooni huanza kuunguza nyama ya ndani, na ndani ya saa 2 tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe wala usisubiri uone dalili, mkimbize hospitali. Sumaku ndogo nazo ni hatari: mbili zikimezwa huvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Tangu siku ile, kitu chochote ambacho kifuniko chake cha betri hakifungwi kwa skrubu hakikai sebuleni kwangu, na nikishajua mgeni ana umri wa chini ya miaka 3 napita nikiokota kila kidude kinachoweza kuingia mdomoni.

Sasa kuhusu mtoto mwenyewe. Wengi tunaowaita watundu hawana nia mbaya hata kidogo. Mtafiti Mmarekani Mildred Parten alichapisha mwaka 1932 uchunguzi wake wa namna watoto wa shule ya awali wanavyocheza, akaonyesha kwamba wale wadogo hucheza kando kwa kando, kila mmoja na lake, na kucheza kwa kushirikiana huja zaidi kadiri wanavyokua. Mtoto wa miaka 2 anayerusha kigari ukutani anataka kujua kitalia vipi. Kumwambia ana adabu mbaya ni kumwonea. Wa miaka 7 anayemnyonga mdoli shingo huku akimwangalia mwenye mdoli machoni ni habari nyingine. Huyo ana jambo linalomsumbua, pengine wivu, pengine wamekorofishana dakika tano zilizopita, na dawa ni kuwatenganisha kidogo na kumpa shughuli karibu na watu wazima.

Tunaogopa kumkanya mtoto wa mwenzetu mbele yake. Mimi huchuchumaa, nashika kile kitu pamoja naye, nasema taratibu: "Mwanangu, hiki hatukipigi chini. Kinasukumwa hivi. Haya, jaribu." Wengi wanachohitaji ni hicho tu, kuonyeshwa, kwa sababu hawajawahi kukishika kitu kama kile. Akirudia, nakichukua bila maneno mengi na kumpa mpira. Sipigi kelele, wala simtishi kwamba nitamsema kwa mama yake. Na mama yake akisema, "Aah, watoto ndivyo walivyo," namjibu kwa upole, "Kweli dada, ndiyo maana inabidi tukae nao karibu," kisha nahamia na kiti changu pale wanapochezea. Mara nyingi naye hunifuata. Mazungumzo yetu hayaharibiki kwa kuhamishwa hatua kumi.

Ikitokea kitu kimevunjika, usikimbilie kusema "nitakununulia kingine." Mwache mtoto alie kwanza, mkumbatie, mwambie unaona kwamba ameumia. Mtoto aliyevunja, kama ana umri wa kuelewa, naye apewe sehemu katika kurekebisha: ashike kipande wakati wewe unapaka gundi, akusanye magurudumu yaliyotawanyika. Hilo linamfaa kuliko kulazimishwa kusema samahani huku ameinamisha kichwa. Mzazi wake akitaka kulipa, na ni kitu chenye thamani, pokea bila kuona haya. Kikiwa kidogo, shukuru yaishe.

Kuna watoto ambao kila ziara huacha kilio. Kwa hao nimebadilisha mahali: tunakutana uwanjani au kwenye bustani, penye nafasi ya kukimbia na hakuna mali ya mtu ya kugombania, na tunaagana kabla hawajachoka, kwa sababu uharibifu mwingi hutokea mwishoni, wakati watoto wana usingizi na watu wazima ndiyo kwanza wamenogewa na maongezi. Wazazi wao hunipigia wenyewe siku hizi, kuuliza tutakutana lini tena.