Nakula vizuri, lakini nazidi kukonda

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza ndizi katika soko la Mbuyuni, Moshi. Tangu masika nimepungua kilo 9, ingawa nakula kuliko zamani. Moyo unanienda mbio hata nikiwa nimelala, mikono inatetemeka ninapohesabu chenji, na ninatokwa jasho hata asubuhi za baridi. Majirani walinong'ona, nikapima virusi vya UKIMWI, sina. Hospitali walinipima damu wakasema tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, wakaniandikia kabimazoli. Marehemu bibi yangu wa Machame alikuwa na rovu, na sasa nashauriwa ninywe matone ya madini joto. Je, yatanifaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Matone hayo usiyanywe. Zamani rovu lilienea sana milimani kwa sababu mvua huosha madini joto kutoka kwenye udongo, na tezi iliyoyakosa huvimba ikihangaika kuyatafuta. Inawezekana ndivyo ilivyokuwa kwa bibi yako. Wewe una shida tofauti: tezi yako inatengeneza homoni nyingi mno, na madini joto ndiyo malighafi yake. Chumvi ya kawaida ya jikoni, ingawa imetiwa madini joto, usiiache, kwa kuwa watoto wanaihitaji.

Homoni hiyo ndiyo inayopanga kasi ya mwili kutumia chakula. Ikizidi, mwili huunguza unachokula kabla hujanenepa, moyo hukimbia, usingizi hupotea na hedhi huvurugika. Inaniuma kwamba mgonjwa wa namna hii husemwa vibaya, au hudhaniwa amerogwa, miezi mingi kabla ya kupimwa damu.

Kwa mwanamke wa umri wako, chanzo cha kawaida ni ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili hukosea na kuiamrisha tezi ifanye kazi bila kupumzika. Wengine macho hutokeza. Kwa wazee, mara nyingi ni vinundu ndani ya rovu la siku nyingi. Ikiwa umejifungua ndani ya mwaka huu, mwambie daktari wako, kwa sababu tezi inaweza kuvuja homoni baada ya uzazi kisha ikatulia yenyewe, na hapo kabimazoli haisaidii.

Usikate tamaa usipoona nafuu wiki ya kwanza. Dawa huzuia utengenezaji wa homoni mpya, lakini tezi ina akiba ya kutosha wiki kadhaa. Kwa ugonjwa wa Graves hutumiwa miezi 12 hadi 18, na wanaoiacha mapema kwa kuwa wamepata nguvu ndio ninaowaona wakirudi wakiwa hoi. Ugonjwa ukirudi hata baada ya muda huo, kuna upasuaji au madini joto yenye mionzi, na baada ya tiba hizo wengi humeza kidonge cha homoni maisha yao yote. Dawa nyingine, propranololi, hutuliza moyo na mikono, ila mwenye pumu asipewe.

Jambo moja ulishike sana. Ukipata homa, vidonda mdomoni au koo kuuma, acha kabimazoli na uende hospitali siku hiyohiyo ukapimwe chembe nyeupe za damu, kwa maana mara chache dawa hii huzishusha hadi kiwango cha hatari. Na ukitarajia kushika mimba, zungumza na daktari kabla, ili akubadilishie dawa mapema.