Kijerumani nilichokiokota kwenye mitumba ya Leipzig

Siku nilipomwuliza bibi mmoja wa Kijerumani kama naruhusiwa kuvua nguo mbele ya meza yake, nilikuwa na miezi mitano Leipzig na cheti cha Kijerumani cha A2, ngazi ya pili kutoka chini, kwenye begi. Nilitaka tu kuijaribu blauzi aliyokuwa anaiuza. Neno la kujaribu halikuja, likaja la jirani yake: "Kann ich mich hier ausziehen?" Bibi akanitazama, akawatazama wapita njia, akasema taratibu, "Anprobieren, meine Liebe. Anprobieren." Kisha akacheka mpaka akashikilia meza. Neno hilo halijanitoka tena, na blauzi ninayo hadi leo.

Nawaandikia ninyi mlio kwenye kozi, wauguzi, au pair mnaolea watoto majumbani na wanafunzi, mnaoniuliza kwa nini sarufi mnaijua ila mdomo hauendi. Mimi uliniendea nilipoacha kusoma Kijerumani na kuanza kukisoma kwenye nguo. Nimekulia Tanga, mama akiuza mitumba. Belo likifunguliwa, yale makoti mazito ya sufu yaliwekwa pembeni kwa ajili ya watu wa Lushoto, maana Tanga nani avae? Yalikuwa na lebo za "Reine Schurwolle" na sisi tulizikata bila kuzisoma. Sasa nimefika zilikotoka, nikaona nizisome.

Kwa hiyo anza na lebo. Pamba ni Baumwolle, yaani sufu ya mti, na ukishaielewa hivyo huhitaji kuikariri. Schurwolle ni sufu iliyonyolewa moja kwa moja kwa kondoo, si ile iliyochambuliwa kutoka nguo chakavu. Zipu ni Reißverschluss. Maneno haya marefu usiyaogope, yasome kuanzia mkiani: sisi tunasema koti la baridi, wao wanasema Wintermantel, baridi mbele, koti nyuma. Neno la mwisho ndilo nguo yenyewe, na ndilo linaloamua kama ni der, die au das.

Lebo pia inakupa cha kuongea. Ukiona herufi VEB, hiyo ni Volkseigener Betrieb, kiwanda kilichoitwa mali ya wananchi, na nguo yako imeshonwa Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwepo kuanzia 1949 hadi 1990. Ukiona Dederon, ni nailoni ya hukohuko. Jina wamelitoa kwenye DDR, herufi za nchi yao. Upande wa Magharibi nailoni ya aina hiyo waliiita Perlon. Kuna na hila ndogo ninayoipenda: kama lebo ina anwani ya duka na namba ya posta ina tarakimu nne, nguo hiyo ni ya kabla ya Julai 1993, kwa sababu hapo ndipo zilipokuwa tano. Mwulize mwuzaji mwenye mvi kuhusu Kittelschürze ya Dederon, lile vazi la maua la jikoni, halafu nyamaza. Atakusimulia mama yake, kiwanda, foleni, yote, nawe unapata nusu saa ya somo la kusikiliza bila kulipa senti.

Saizi zitakuchanganya, kwa hiyo nikuokoe na hasara yangu. Niliwahi kuliacha koti zuri la kike kwa sababu liliandikwa 76, nikadhani ni la pandikizi la mtu. Kumbe 76 ni 38 ya mtu mrefu. Wanaizidisha mara mbili. Mfupi naye anapewa nusu, 19. Mwili ni uleule, urefu ndio unaobadilika. Ila za zamani mara nyingi zinabana kuliko za leo, kwa hiyo usiiamini namba. Anprobieren!

Haya, der, die, das. Sisi wenye ngeli hatuna haki ya kulalamika sana, ingawa ngeli zetu walau zinajionyesha mwanzoni mwa neno. Sketi kwao ni dume, der Rock. Gauni si dume wala jike, das Kleid. Tai ya bwana harusi ndiyo jike, die Krawatte. Nilichofanya ni kupanga kabati: kushoto za der, Mantel, Rock, Schal na Pullover, katikati za das, Kleid na Hemd, kulia za die, Bluse, Hose na Jacke. Niliyekuwa naishi naye alidhani napanga kwa rangi na akaniambia sina jicho. Lakini mkono ukishazoea kwenda kulia kuchukua suruali, mdomo nao unasema die bila kuuliza. Kwenye samani bado nakosea kila siku.

Hapa pa kusifiana ndipo nataka mkae kidogo, maana ndipo mazungumzo yanapozaliwa. Kwetu nguo humkaa mtu. Kwao nguo humsimamia: "Der Rock steht dir," sketi imekupendeza. Usiseme dich, ni dir, kosa hilo nimelisikia hata kwa wenye B2, ngazi ya nne. Ukisema "passt", maana yake inakutosha tu, na mtu anaweza kutoshwa na kitu kinachomchusha. Kukaa nako wanako, "sitzt", ila hilo ni la kazi ya fundi: mabega yamelala sawa, kiuno hakijapwaya. Mimi huwa nawaza hivi: macho yakipenda ni steht, tepu ikikubali ni passt, fundi akijisifu ni sitzt. Kwa mtu mzima usiyemjua sema Ihnen. Lichukulie kama shikamoo, ukiliruka unaonekana hukulelewa. Na usishangae majibu yao. Ukimsifia Mjerumani vazi lake la kale, aghalabu anakutajia bei aliyolipata.

Tuko watano tunaokutana Jumamosi kwangu, kila mmoja amevaa au amebeba kitu kimoja cha zamani. Chai, maandazi, simu kwenye bakuli. Unakieleza kwa Kijerumani: kitambaa gani, bitana ikoje, umekipata wapi, unadhani nani alikivaa. Hicho cha mwisho ndicho kinachotoa jasho, kwa sababu kubuni kunadai sarufi ambayo kozi inaiacha mwishoni. Wiki iliyopita tulibishana dakika ishirini kama doa kwenye mkono wa koti ni wino au mvinyo, na hakuna aliyekimbilia Kiingereza.

Sokoni utamke "Geht da noch was?" Ndiyo "punguza kidogo" yao, na ni ya adabu. Kwenye matangazo ya kuuza ukiona VB, bei inazungumzika. Nguo ya sufu ukishaifikisha nyumbani ifunge kwenye mfuko, iweke friza wiki nzima, nondo na mayai yao wafe huko kabla hawajaingia kabatini. Na koti la kijeshi likague beji kabla hujalivaa: kuonyesha msalaba wa Wanazi hadharani hapa ni kosa la jinai.

Jambo ambalo hakuna kozi iliyoniambia ni Kisaksoni, lahaja ya huku Leipzig. Mwisho wa mwezi mmoja nilikuwa kwenye soko la viwanja vya maonyesho vya agra, Markkleeberg, jirani na Leipzig, nimeshika koti la kijani lenye vifungo vya pembe. "Zehn Euro?" nikamwuliza mzee, yaani euro kumi. Akajibu, "Nu." Nikasikia "no", nikamshukuru, nikalirudisha kwenye kiango, nikaenda zangu. Nilikuwa nakula soseji nilipomsimulia rafiki yangu, naye akaniweka mkono begani: kwa Wasaksoni "nu" ni ndiyo.

Nilirudi mbio. Koti lilikuwa mgongoni mwa msichana mmoja, mabega yamelala sawa kabisa. Nikameza mate, nikamwambia, "Der Mantel steht dir."

"Danke," akasema. "Fünfzehn Euro." Kumi na tano.