Maswali ya kazi: Tangazo ulilisoma?

Barua zilizofika tangu safu iliyopita ni nyingi, na kama kawaida nusu yake ni swali moja lililobadilishwa kanzu. Nimechagua nane. Wale walioniandikia "naomba kazi yoyote" bila kutaja elimu, umri wala mahali wanapoishi, wasisubiri jibu, kwa sababu sina la kuwajibu.

Nina shahada ya usimamizi wa biashara tangu 2021. Nimeomba kazi zaidi ya arobaini na sijaitwa kwenye usaili hata mmoja. Je, tatizo ni kujuana? (Morogoro)

Kujuana kupo, na mtu aliyekaa ofisi ya utumishi miaka ishirini na miwili kama mimi hawezi kukuapia kwamba hakupo. Hata hivyo, kabla ya kumlaumu mjomba wa mtu mwingine, nilikuomba unitumie barua tatu pamoja na matangazo uliyokuwa ukiyajibu, nawe ukazituma. Nakushukuru, maana wengi nikiwaomba hivyo hunyamaza. Tangazo la kwanza lilikuwa la afisa ugavi na lilitaka mwombaji aliyesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, yaani PSPTB. Wewe hujasajiliwa. La pili lilitaka mhasibu mwenye CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, nawe hujaanza hata mtihani mmoja wa bodi ya wahasibu, NBAA. La tatu ndilo lilikuwa la kwako hasa: afisa mikopo, shahada yako inatosha, uzoefu haukutakiwa. Lakini aya ya pili ya barua yako inasema una shauku ya "kusimamia bohari na kupokea mizigo". Ulibadilisha kichwa cha barua ukasahau tumbo.

Naomba uelewe jinsi mchujo unavyofanyika. Nimewahi kukabidhiwa maombi zaidi ya mia tatu ya nafasi moja, na siku mbili za kuyapunguza yabaki kumi na mawili. Katika hatua hiyo hakuna anayetafuta mtu bora. Kinachotafutwa ni sababu ya kuweka bahasha pembeni, na sharti moja lililokosekana linatosha. Serikalini ni vivyo hivyo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamekuwa yakirudia maneno yale yale kwa miaka: umri usiozidi miaka 45, wadhamini watatu wa kuaminika, cheti cha kuzaliwa, na kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazitakubaliwa badala ya vyeti vyenyewe. Bado watu huambatisha hati za matokeo, kisha huniandikia mimi kulalamika.

Katika arobaini zako, huenda zilizokufaa kweli hazizidi sita. Jisajili PSPTB kama ugavi ndio unaoupenda, au achana nao. Na akitokea mtu wa kukushauri uandike kwamba tayari umesajiliwa, kumbuka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, uliotangaza watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Walioondolewa kazini walisubiri hadi 2022 serikali iliporuhusu hata michango yao wenyewe ya hifadhi ya jamii irejeshwe.

Ni kweli kwamba ili upate nafasi serikalini ni lazima utoe chochote? Kuna mtu wa ndani ameniomba laki tano. (Dodoma)

Si kweli, na mtu huyo si wa ndani. Piga 113, namba ya TAKUKURU, na ufahamu kwamba chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007 anayetoa naye ni mkosaji kama anayepokea.

Je, ni kosa kutumia akili mnemba kuandika barua ya maombi? (Arusha)

Kutumia si kosa. Kosa ni kutuma kitu ambacho hukukisoma. Mwaka jana nilimsaidia rafiki yangu kuchambua maombi ya nafasi ya msaidizi wa mauzo, na barua moja, iliyoandikwa kwa lugha ya kupendeza kabisa, ilieleza jinsi mwombaji alivyovutiwa na maadili ya "[andika hapa jina la kampuni]". Nyingine kumi na moja zilianza kwa sentensi ile ile, neno kwa neno, kana kwamba zimetoka tumbo moja.

Mbaya zaidi ni kwenye usaili. Kijana mmoja alikuwa ameandikiwa kwamba ni mahiri katika uchambuzi wa takwimu kwa Excel. Nilimsogezea kompyuta yenye orodha ya mauzo ya miezi mitatu, nikamwomba ajumlishe mauzo ya kila tawi. Alitazama kioo kwa muda, kisha akatoa simu mfukoni, akafungua kikokotoo na kuanza kuingiza tarakimu moja moja. Sikumcheka, na niliandika maksi zake kwa huzuni, kwa sababu ujuzi ule aliojisingizia ungeweza kufundishika ndani ya wiki mbili.

Nina wasiwasi mkubwa zaidi, ingawa hukuniuliza. Kazi ambazo programu hizi zinazifanya vizuri, kama kuandika mihtasari ya vikao, kunakili takwimu na kupanga majedwali, ndizo tulizopewa sisi tulipoanza kazi, na ndimo tulimoijua ofisi. Mwajiri akiona mashine inazimaliza kwa dakika, kijana mpya ataanzia wapi? Kwa maoni yangu ataanzia kwenye kuikagua mashine, na hawezi kukagua muhtasari mtu ambaye hajawahi kuandika wa kwake. Kwa hiyo andika rasimu yako kwanza, ndipo uipe programu ikusahihishe. Na ukishaajiriwa, usinakili orodha ya wateja au ya mishahara ukaiweka humo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, na kutojua hakutakuwa kinga.

Nimefanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi kwa miaka mitatu bila mkataba wa maandishi, nikilipwa kwa mwezi. Mwezi wa pili bosi aliniambia nisije tena. Nimekuwa nikisubiri hasira zake zipoe. Je, nina haki yoyote? (Mwanza)

Ulikuwa nazo nyingi, ndugu yangu, na baadhi umeziacha zikupite ukisubiri hasira za mtu mwingine. Ninaandika haya mwezi wa sita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Asipoweza kuyaonyesha mbele ya chombo cha sheria, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa ni wake. Kwa hiyo ule uoga wa "sina mkataba, nitasema nini" hauna msingi. Unayelipwa kwa mwezi ulistahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Ulistahili malipo ya likizo ambayo hukuipata, na likizo ya mwaka ni siku 28. Kwa miaka mitatu kamili kuna kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka, isipokuwa kama uliachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Kuna pia hati ya utumishi, ambayo watu huidharau mpaka siku mwajiri mpya atakapoiulizia.

Sasa shida iko hapa. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine, ndani ya siku 60. Wewe umevuka zote mbili. Tume inaweza kuongeza muda kwa maombi maalumu, lakini itataka sababu ya msingi ya kuchelewa, na kusubiri bosi apoe sijawahi kuiona ikikubaliwa. Nenda ofisi yao hapo Mwanza wiki hii, na ujaze maombi hayo kwa ukweli. Ukitoka hapo pita NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uulizie michango yako. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake anaweza kulipwa fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Najua utakachokutana nacho: pengine bosi alikukata na hakupeleka. Hilo nalo liripoti.

Onyo kwa wengine ambao bado hawajaambiwa wasije: ukiletewa karatasi usaini haraka haraka "ili ulipwe", isome. Mara nyingi ni barua ya kuacha kazi kwa hiari, na ukishaisaini fao hilo umelifunga kwa mkono wako mwenyewe. Wasomaji wa Zanzibar watambue kwamba wao wana sheria yao ya ajira, ya mwaka 2005, na hesabu zake wasizichukue kutoka hapa.

Mwanangu anamaliza kidato cha nne. Asome fani gani yenye soko? (Kibaha)

Mama yangu, swali hili ninaliogopa, kwa sababu kila mwaka jibu lake hujaza darasa moja kupita kiasi. Fani inayotajwa leo kuwa na soko itazaa wahitimu miaka minne ijayo, wote siku moja.

Badala ya kuuliza soko, tazama kinachojengwa na kitakachobaki kikihitaji matunzo. Treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Inatumia umeme, na njia ya umeme na mitambo ya ishara hukaguliwa kila siku ya maisha yake. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lilitaka wachomeleaji wengi wakati wa ujenzi, lakini bomba likishafukiwa wachomeleaji huondoka, wakabaki wachache wa matengenezo. Ukilijua hilo mapema, hutamsomesha mtoto uchomeleaji kwa ajili ya mradi. Utamsomesha kwa ajili ya ufundi wenyewe, wenye cheti kinachokubalika popote. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, na VETA, mamlaka ya elimu ya ufundi stadi, wapo. Je, mtoto mwenyewe umemuuliza?

Mimi ni fundi umeme wa mtaani, miaka kumi na miwili sasa, nina umri wa miaka 38 na sina cheti. Je, nimechelewa? (Mbagala)

Hujachelewa, na barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa kuwa umeeleza kazi zako moja moja: nyumba ngapi, za vyumba vingapi, na ile ya ghorofa moja uliyotandaza nyaya peke yako. Umeeleza pia kwamba kila nyumba ikiisha unamtafuta mkandarasi mwenye leseni apige mhuri kwenye fomu ya TANESCO, naye anachukua sehemu ya malipo yako bila kupanda ngazi hata mara moja.

Mhuri huo ndio tatizo lako, na ndio hatari yako pia, maana siku nyumba itakapoungua mtatafutwa wote wawili. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kile anachokiweza, hufundishwa mapengo yake, na hupewa cheti. Hutakaa darasani miaka miwili ukifundishwa kushika bisibisi. Ukishapata cheti, waulize EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, masharti ya leseni ya ufungaji umeme; zipo za madaraja mbalimbali, anza na la chini linalokufaa. Kuanzia leo, piga picha ya kila bodi ya swichi kabla hujaifunga, na uandike daftarini tarehe na namba ya simu ya mwenye nyumba. Mpimaji atataka kujua umefanya nini, na kumbukumbu za kichwani hazionekani.

Wakala amenipatia kazi za ndani Muscat. Mkataba anasema nitauona nikifika. Tiketi ni wiki ijayo. (Tanga)

Binti yangu, usipande ndege hiyo. Mkataba unaouona ukishavuka bahari, mbele ya mwajiri aliyekwisha lipia tiketi yako, huna namna ya kuukataa. Nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama wakala huyo ana kibali, na kama anakudai ada ya kukutafutia kazi, hiyo pekee inatosha kumtilia shaka. Dai mkataba kwa lugha unayoisoma, wenye jina la mwajiri, mshahara, siku ya mapumziko na nani atakayelipia tiketi ya kurudi. Nakala moja muachie mama yako, pamoja na nakala ya pasipoti na namba ya ubalozi wetu wa Muscat. Pasipoti yenyewe ni mali ya serikali iliyokupa wewe uitunze. Si ya kuwekwa kabatini kwa mwajiri. Wapo waliokwenda Oman kwa utaratibu na wakajenga nyumba, nami siwezi kukukataza safari. Ninakukataza hii ya wiki ijayo.

Nimekutumia tangazo la kazi ya afisa masoko. Naomba kujua mwisho wa kutuma maombi ni lini. (Dar es Salaam)

Tarehe ipo katika mstari wa mwisho wa tangazo hilo hilo ulilonitumia. Ilikuwa Ijumaa iliyopita.