Bei Nimeijua, Sasa Gari Liko Wapi?

Mwaka 2013 kila kijana wa kompyuta niliyemjua Nairobi alikuwa na programu ya kumwokoa mkulima. iHub, kituo cha vijana wa teknolojia, ilikuwa imefunguliwa Ngong Road mwaka 2010, na mwaka huohuo wasichana watatu wa hapa Nairobi walianzisha M-Farm, iliyompa mkulima bei za soko kwa ujumbe wa simu. Nikajiambia, hata mimi naweza. Nikaandika yangu: unatuma jina la zao, unarudishiwa bei ya Nairobi. Mteja wa kwanza alikuwa shangazi yangu wa Kinangop, mwenye ekari moja na nusu ya viazi na simu ya kabambe, ile ya vitufe isiyo na intaneti.

Nimeulizwa na vijana wawili mwaka huu nini cha kufanya na wazo kama hilo. Nitawaeleza nilichojifunza kwa kushindwa.

Bei zilihitaji mtu wa kuziokota, na mtu huyo alikuwa mimi. Wiki tatu nilidamka kufika Marikiti, soko kubwa la mazao la Nairobi, saa kumi alfajiri, nikikwepa mikokoteni na mahamali wanaokupigia mluzi wakiwa tayari wamekufikia mgongoni. Siku ya kwanza nilimuuliza mama mmoja gunia la viazi ni pesa ngapi. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza bei ya nguo bila kusema nguo ipi.

"Gunia gani?"

Palikuwa na gunia lililofungwa mdomo kawaida. Palikuwa na lumbesa, lile linaloongezewa kilemba cha wavu juu mpaka linapita kilo 100. Tena kulikuwa na lumbesa na lumbesa. Bei ya saa kumi haikuwa ya saa moja, na lori mbili zikiingia kwa pamoja hesabu yote inaanza upya. Kwenye programu yangu nilikuwa nimeweka kisanduku kimoja tu: "bei ya gunia". Nilikuwa nawatumia watu nambari safi kabisa isiyo na maana. Kwa hiyo kama unataka kukusanya bei, kusanya bei ya kilo, andika na saa uliyoipata. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa haikuhama kwa sababu hiyo, lakini angalau siku hizi mkulima ana kitu cha kumwonyesha broka, yaani dalali anayenunua shambani.

Nilirekebisha hilo. Ujumbe wa kwanza wenye bei ya kilo ukamfikia shangazi, nami nikampigia simu nikitarajia kusifiwa.

"Nimeiona, mwanangu. Huyu wa hapa ananipunja karibu nusu."

"Basi usimuuzie."

Akanyamaza kidogo. "Bei nimeijua. Sasa gari liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Broka wa pale kwao alikuwa na Canter, lori dogo, alikuwa na magunia, alikuwa na pesa taslimu siku hiyohiyo, na msimu uliopita ndiye aliyemkopesha shangazi pesa ya mbolea. Mimi nilikuwa na ujumbe wa simu. Na viazi vyenyewe vilikuwa aina ya Shangi, ambavyo huiva haraka lakini havingoji mtu. Ukiviweka ndani wiki chache vinaanza kuchipua. Broka anajua hivyo kuliko mimi.

Baadaye nilisoma utafiti ambao watu wa teknolojia hupenda kuutaja, wa mchumi Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza. Aliwafuatilia wavuvi wa Kerala, India, simu za mkononi zilipofika pwani yao mwishoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo dagaa walikuwa wakimwagwa ufuo mmoja kwa kukosa wanunuzi huku ufuo wa pili wanunuzi wakirudi mikono mitupu. Simu zilipofika umwagaji huo ukaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Ni kazi nzuri sana. Lakini angalia yule mvuvi amekaa wapi anapopiga simu: yuko ndani ya mashua, na samaki tayari wamo. Akisikia bei anageuza usukani. Shangazi yangu angegeuza nini?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu yeyote wa Nairobi mwenye mzazi au ndugu shambani: kabla hujamtafutia taarifa, mtafutie mashua.

Kwetu mashua ilikuwa majirani. Shangazi aliongea na watu kumi wa chama chao cha kanisani, wakakubaliana kuvuna siku moja na kukodi Canter moja. Nilichofanya mimi kilikuwa kidogo hata naona haya kukiita teknolojia. Nilifungua kundi la WhatsApp, na wenye kabambe walipewa habari na watoto wao. Nikanunua mizani ya kidijitali ya kuning'iniza. Kisha nikazunguka vibanda vya chipsi Kangemi na Kawangware nikiuliza wanatumia kilo ngapi kwa wiki. Wenye vibanda hawapendi lumbesa vilevile, kwani chini ya gunia ndiko viazi vibovu hufichwa. Walipoona kilo 50 zimepimwa mbele yao, wanne walikubali kuagiza kabla viazi havijang'olewa. Hilo la kuuza kabla ya kung'oa ndilo lililobadilisha hesabu. Kiazi kilichoko ardhini kinaweza kungoja siku mbili tatu. Kilichoko kwenye lori hakina subira.

Tuliumia pia. Mnunuzi mmoja alituonyesha ujumbe wa M-Pesa, jina sawa, kiasi sawa, tukashusha magunia manne. Ulikuwa wa bandia. Tangu siku hiyo mzigo haushuki mpaka mwenye simu aangalie salio lake mwenyewe. Usione haya kumfanya mteja angoje dakika moja.

Ile mizani na zile jumbe za M-Pesa zilizaa kitu ambacho sikukipanga. Shangazi alikuwa na daftari: tarehe, kilo, nani kalipa. Misimu miwili baadaye alilipeleka kwenye chama cha akiba na mkopo pamoja na taarifa ya M-Pesa, akapewa mkopo wa mbegu na mbolea unaolipwa baada ya mavuno. Hapo ndipo broka alipopoteza nguvu zake, maana nguvu zake hazikuwa kwenye bei. Zilikuwa kwenye lile deni la mbolea. Mikopo mingi ya papo kwa papo ya kwenye simu hutaka ulipe ndani ya siku 30, na Shangi inataka kama miezi mitatu. Piga hesabu hiyo kabla hujabonyeza chochote.

Mengine ni ya haraka. Pakiti za mbegu zilizoidhinishwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, zina lebo ya kukwangua. Tuma namba iliyofichwa humo kwa 1393 ujue kama mbegu ni halali, na ufanye hivyo ukiwa bado dukani. Utabiri wa mvua wa kaunti hutolewa na Idara ya Hali ya Anga, hapa Dagoretti Corner. Mtu mmoja kwenye kundi autafsiri kwa lugha ya nyumbani kwa sauti, kwa sababu maandishi marefu hayasomwi shambani. Na kundi liwe na sheria moja: picha za asubuhi njema na maua zikae kundi la familia. Wetu walikataa sheria hiyo. Sasa bei nazitafuta katikati ya mawaridi.

Programu yangu niliizima mwaka 2015, ikiwa na watumiaji kumi na tisa, saba wao jamaa zangu. Ile mizani bado inafanya kazi ila betri. Jumatano iliyopita shangazi alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Nikadhani anataka bei ya Marikiti, nikaanza kutafuta miwani.

"Bei ninayo," akasema. "Wewe niulizie wale wa Kawangware kama watachukua kilo mia tatu Ijumaa, na uniletee betri."