Mshono ukitoa usaha, omba uoteshwe

Ukimuuguza mtu wodini, kidonda hakikauki na homa inapanda kila jioni licha ya sindano, muulize daktari mapema: "Usaha huu umepelekwa maabara kuoteshwa?" Yaani vijidudu vilivyomo vikuzwe, ijulikane ni vipi na dawa gani inavimudu.

Nasema hivi kwa sababu ya mdogo wangu, aliyejifungua kwa upasuaji hapa Dar es Salaam. Mtoto alikuwa mzima, ananyonya vizuri, lakini mshono wa mama ukavimba, kisha ukaachia upande mmoja na kutoa usaha. Akaanzishiwa seftriaksoni, sindano ya kuua bakteria. Homa haikushuka. Nyumbani wakaanza kusema tukanunue dawa kali zaidi duka la nje. Nesi wa zamu ya usiku akatuuliza: kali ipi, na ya kijidudu gani? Asubuhi daktari akachukua usaha kwa kijiti cha pamba.

Kuotesha huchukua siku mbili tatu, na kwa anayesubiri ni ndefu mno. Majibu yakaja: Klebsiella, aina ya bakteria. Kwenye karatasi kila dawa ilikuwa na herufi yake, S kwa inayofanya kazi, R kwa iliyogoma. Seftriaksoni ilikuwa R. Amikasini, S. Dawa ikabadilishwa, kidonda kikafunguliwa na kusafishwa, homa ikaondoka.

Yaani zile sindano za mwanzo zilikuwa zikiingia mwilini bure. Klebsiella wa aina hii hutengeneza kimeng'enya kinachovunja dawa kabla haijamdhuru, na anaweza kuwapa bakteria wengine vinasaba vya usugu huo. Mwaka 2019 bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani. Nikikumbuka ile karatasi, sishangai.

Sampuli ichukuliwe kabla dawa mpya haijaanza, maana dawa ikishaingia maabara inaweza isipate cha kuotesha. Ila mgonjwa aliyezidiwa hangojeshwi majibu. Daktari ataanza na dawa anayoona inafaa, kisha airekebishe.

Klebsiella hukaa tumboni na husafiri kwa mikono, yetu wauguzaji ikiwemo. Sisi ndio tunaomwaga mkojo, tunaobadilisha pedi, kisha tunashika kikombe cha uji. Beba kitakasa mikono, upake kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Bandeji ikilowa usiifungue kuchungulia, mwite nesi. Wa kitanda cha jirani akikuomba umwinue, takasa mikono kwanza. Najua ni vigumu, wodini wote tunakuwa ndugu. Mpira wa mkojo na kanula, ule mrija wa dawa kwenye mshipa, navyo ni njia ya kuingilia vijidudu, kwa hiyo uliza kila siku kama bado vinahitajika. Huo si ukorofi.

Karatasi ya majibu ipige picha kwa simu. Bakteria hawa wanaweza kubaki tumboni miezi kadhaa bila mtu kuumwa, kwa hiyo akilazwa tena, hata hospitali nyingine, daktari aione kabla ya kuandika dawa.