Kwa nini orodha ya madiwani wa Jiji la Dar ya 2016 haifanani na ya leo

Mkuu uliyeuliza kwa nini orodha hizo mbili hazilingani, hujakosea kuhesabu, unalinganisha mabaraza mawili yenye jina moja. Lile la orodha ya 2016 lina historia yake: Baraza la Jiji lilivunjwa 1996, ikaja Tume ya Jiji kushika nafasi yake, kisha likarudi 2000 pamoja na manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Kuanzia hapo hakuna aliyepigiwa kura ya udiwani wa Jiji moja kwa moja. Manispaa zenyewe ndizo zilizopeleka wawakilishi kutoka kwa madiwani wao, ndiyo maana jina moja unalikuta kwenye orodha mbili, ya manispaa na ya Jiji. Hapo ndipo wengi wanapohesabu mtu mara mbili.

Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja baraza hilo, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kwa hiyo "Jiji" la leo ni Ilala ile ile, kata 36. Tazama kiti cha diwani wa Kariakoo: kabla ya hapo unakitafuta chini ya Manispaa ya Ilala, sasa kiko chini ya Jiji.

Ukitaka idadi kamili usiishie kwenye kata. Ongeza madiwani wa viti maalum, wasiopungua theluthi moja, halafu wabunge wa majimbo. Mkurugenzi ni katibu tu, hapigi kura, mtoe.

Angalia pia manispaa mpya za Ubungo na Kigamboni: kata zao kwenye orodha za 2010 zimo ndani ya Kinondoni na Temeke. Na naibu meya huchaguliwa kila mwaka, basi andika mwaka, usiandike "2015–2020".